Mkaidi Hataki Gia ya Pili

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku nyumbani tumeamka salama wote. Baba anamalizia madawati ya shule na analalamika kwamba mbao za siku hizi zimekatwa kabla hazijakomaa. Mama miwani yake imevunjika mkono mmoja. Baba akaichongea mkono wa mbao, mnene kama wa mwiko, na sasa Mama akisoma kichwa kinalala upande mmoja. Anasema haoni tofauti. Sisi tunaiona.

Najua ungependa nipige simu. Nilijaribu ile Jumapili, na unakumbuka mazungumzo yetu: "Eeh. Eeh. Ndiyo. Haya." Kisha salio likaisha, na nilichotaka kusema bado kiko kooni. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita Mkuu wa Maabara alikuja karakana kuagiza rafu. Akamuuliza Baba kama utarudi kazini. Baba akasema, "Dada yangu haniambii mipango yake." Mkuu akasema basi itabidi atafute mtu mwingine wa kubeba damu za vipimo kutoka zahanati za pembeni, maana tangu uondoke wanamtuma mlinzi kwa baiskeli, na damu inafika imetikisika mpaka vipimo vinadanganya. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nafagia maranda, kazi ambayo ndiyo cheo changu tangu nimalize shule. Sijui nini kilinipata, Shangazi. Nikasema, "Mimi."

Wote wawili waligeuka kutafuta nani amesema.

"Wewe unayo pikipiki?" Mkuu akauliza.

"Ipo," nikasema. Na kweli ipo. Hakuuliza kama najua kuiendesha, na mimi sikutaka kumchosha kwa maelezo.

Amenipa hadi mwanzoni mwa Mei. Nitapewa kasha lenye vichupa vya maji ya rangi, nizunguke njia yako yote na kurudi, bila povu.

Baba alitoa turubai juu ya pikipiki yako na kunikabidhi kama anayekabidhi mbuzi mkali. Amembatiza jina Mkaidi. Kuwaka anawaka. Gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, tunaruka pamoja kama chura, vizuri tu. Gia ya pili ndiyo hataki. Nainua pedali kwa ncha ya mguu, injini inalia kama nimemkanyaga mtu, taa ya kijani ya nyutro, ya kusema hakuna gia, inawaka, na sisi tunasimama palepale. Najifunzia barabara ya nyuma ya ghala kwa sababu nilidhani haina watu. Kumbe ndiko kwenye bomba la maji. Mzee mmoja akaniuliza, "Binti, hiyo inaimba tu au na kutembea inatembea?"

Naomba unifundishe, Shangazi. Nikishindwa hii kazi nitafagia maranda mpaka nizeeke, na hata ufagio sijaumudu sana.

Halafu, pedali ya gia imekaa juu mno, imeinuka kuliko kiatu changu. Ni kawaida?

Mwanao,
Kimya

*

21 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na wenzangu wamecheka mpaka mwenye duka akaja kuuliza nani amekufa. Usiudhike. Nimewaambia tu kwamba una akili za upande wa mama yako.

Mimi nipo. Chumba changu kiko nyuma ya karakana ya ushonaji, kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta wenyewe nimeshauzoea, tunaelewana. Tuko wanawake watano na vyerehani vinne. Wenzangu wanakanyaga siku nzima, mimi nimechagua vifungo. Ni kazi ya kukaa. Jana nimeshona kifungo cha shati kwenye gauni langu mwenyewe bila kujua, nikasimama na shati la mteja likasimama nami. Kwa hiyo usidhani ujinga uko kwako tu.

Kwa hiyo wanatafuta mtu. Sawa. Ni kazi nzuri. Watu wa zahanati wale wanakungoja kama mvua.

Sasa gia. Kishindo cha gia ya kwanza maana yake klachi haikatiki yote. Tazama waya wa klachi pale mkononi. Ukiuvuta kidogo kwa kidole, mkono wa klachi ucheze kiasi cha unene wa sarafu kabla ya kukaza. Ukicheza zaidi ya hapo, waya umelegea, na hata ukivuta mpaka mwisho injini bado imeshikana na magurudumu. Kuna nati ya kuzungushwa kwa mkono. Zungusha kidogo, jaribu, zungusha tena.

La pili: unapobadilisha, mambo matatu yaende kwa mpangilio. Punguza mafuta, vuta klachi yote, ndipo gia. Wewe nakujua, utakuwa unafanya yote kwa pamoja kwa hofu, kama ulivyokuwa unakula ukialikwa kwa watu.

Siku yangu ya kwanza mimi niliingia kwenye duka la magodoro. Sikusema nilikwenda dukani. Niliingia, na pikipiki. Muuzaji akaniuliza nataka saizi gani.

Msalimie wifi na miwani yake. Mwambie kaka yangu mbao hazina kosa.

Shangazi yako

*

12 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Barua yako imechelewa kwa sababu yule dereva wa lori uliyempa aliiweka kwenye kikinga jua, akaisahau, ikaenda mpakani na kurudi mara mbili. Imesafiri kuliko mimi.

Tu wazima sote. Mama anakusalimu sana na anasema akili za upande wake hazina tatizo lolote. Baba amepeleka madawati, shule wamesema ni mazuri ila ni marefu, akawaambia watoto watakua.

Waya wa klachi ulikuwa umelegea kweli, ulikuwa unaning'inia kama kamba ya kuanikia. Nimeukaza na kishindo kimekwisha. Sasa gia ya kwanza inaingia polepole, kwa heshima. Nilifurahi mpaka nikamwambia Mkaidi asante, na jirani akasikia.

Lakini gia ya pili bado. Nafanya kama ulivyosema: napunguza mafuta, navuta klachi, nainua pedali. Mguu wangu unafika mwisho wa kuinuka, na pedali bado ina safari. Inaishia katikati, kwenye nyutro. Juzi niliamua basi, nitaishi na gia ya kwanza. Nikaenda nayo mpaka sokoni na kurudi. Mtu wa mkokoteni alinipita kwenye mlima, akiwa amebeba makabati mawili. Alinisalimia alipokuwa ananipita, akaniuliza hali ya nyumbani, na tulimaliza salamu zote kabla hajaniacha.

Mbaya zaidi ni kushuka. Nikitaka kukanyaga pedali irudi chini, lazima niutoe mguu mzima pale unapokaa, niupandishe juu ya pedali, ndipo nikanyage. Wakati huo nimeshafika kwenye shimo.

Nadhani swali langu la pedali uliliruka, au mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Naliandika tena kwa herufi kubwa kidogo: Pedali imekaa juu. Niishushe?

Kimya

*

27 Machi

Kimya,

Marahaba mwanangu. Mimi mzima, wa afya. Mwenye karakana ameniambia nikitaka cherehani kipo, kuna mwenzetu anaolewa anahama. Nimemwambia vifungo vinanitosha. Amenitazama kama mtu anayekataa nyama. Basi, kila mtu na roho yake.

Badilisha oili. Ile iliyomo ni ya tangu mimi, imekaa mwaka mzima chini ya turubai, lazima imekuwa nzito kama uji, na oili nzito hufanya gia ziwe ngumu. Wakati wa kumwaga, injini iwe na joto ili itoke yote. Halafu tazama mnyororo. Ukikazwa kupita kiasi unavuta, na gia hazikai. Ukilegea unapiga makofi. Ushike katikati, upande na kushuka kiasi cha vidole viwili.

Na usijaribu kupandisha gia ukiwa umesimama. Pikipiki itembee kwanza, gia zenyewe zinahitaji kuzunguka ndipo zishikane. Ukiwa umesimama na ikagoma, isukume mbele na nyuma kidogo huku umevuta klachi.

Pedali usiiguse. Imekaa inavyotakiwa kukaa.

Nilikuwa na kiti pale mlangoni kwa maabara, cha chuma, cha kungojea majibu. Ukipita tazama kama bado kipo.

Shangazi yako

*

14 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mama na Baba wanakusalimu. Mimi nina habari tatu. Moja ni ya aibu, moja ni nzuri, na ya tatu sijui niiweke upande gani.

Kwanza, kiti chako kipo. Mlinzi anakalia.

Habari ya aibu: nimeanguka. Usishtuke, sikuanguka nikiwa naendesha, ingekuwa nafuu. Nilikuwa nimesimama. Nilikwishabadilisha oili (ile ya zamani ilitoka nyeusi, Baba akauliza kama namwaga lami), nikapima mnyororo, kila kitu kama ulivyoandika. Nikampandia Mkaidi uani kwetu, injini imezima, nikawa nafanya mazoezi ya mguu tu. Ndipo mwanamke mmoja wa kule bombani akapita na kusema, "Leo umemweza!" Nikamgeukia kumpungia mkono. Mimi sijawahi kumpungia mtu mkono, Shangazi. Mara ya kwanza tu, tukalala chini wote wawili, mimi na Mkaidi, yeye juu.

Kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba. Mama akataka hospitali. Tukaenda, wakapiga picha, wakasema hakijavunjika, kimeteguka tu, kisipindwe wiki mbili. Wakakifunga bandeji. Baba alipoiona bandeji akasema hiyo ni kazi ya watu wasiojua mbao. Akachonga vibao viwili vyembamba, akavipiga msasa vizuri, akanifunga kimoja kila upande kuanzia kwenye shavu la mguu mpaka chini ya kisigino. Amevipaka na vanishi. Nilitembea kama meza.

Sasa habari nzuri. Wiki ilipopita nilichoka kukaa. Mama alikuwa kanisani, Baba amelala. Nikasema nitamwasha tu Mkaidi, nimsikie. Kisha nikasema nitakwenda mpaka kwenye bomba tu. Nilijua kwa mguu ule gia sitaziweza, kwa hiyo sikuwa na hofu, nilikuwa nimeshashindwa kabla ya kuanza.

Mguu haupindi, kwa hiyo niliuingiza wote chini ya pedali, umelala bapa, ukaingia kama droo. Nikainua kutoka kwenye nyonga. Gia ya pili ikaingia. Nikadhani nimekosea. Nikainua tena goti, ya tatu ikaingia. Nilifika bombani, nikapita bomba, nikazunguka ghala, nikarudi nikishuka gia moja moja kwa kuupandisha mguu mzima na kuushusha kama ninayekanyaga pampu. Haikugoma hata mara moja. Yule mzee wa siku ile akavua kofia.

Nilirudi nikazima injini, nikakaa juu ya kiti cha Mkaidi nikitazama vile vibao.

Shangazi, pedali hii haijakosewa. Imewekwa kwa mguu ambao kifundo chake hakipindi.

Na mimi nimekumbuka kwamba wewe ndiye ulinifundisha kushona kwa cherehani cha miguu. Ulikuwa unakimbiza kile cherehani mpaka kabati linatikisika. Hukuwahi kupenda vifungo. Ulikuwa unanipa mimi.

Habari ya tatu ni swali, na ni fupi. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje?

Sijamwambia Baba.

Kimya

*

9 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimemuuliza dereva wa lori kuhusu kikinga jua, akanifungulia nitazame mwenyewe. Hamna kitu. Nadhani nimekukosea kwa swali lile. Kama nimekukosea, nisamehe, na ujue kwamba nililifuta mara nne kabla ya kuliacha.

Nyumbani tuko vizuri. Miwani ya Mama imevunjika na mkono wa pili, kwa hiyo sasa iko sawa pande zote.

Mtihani umepita Alhamisi. Nitakueleza kama ulivyokuwa.

Mguu wangu ulikuwa umeshapona. Vibao nilivivua, nikampandia Mkaidi, na mguu uliopona ukashindwa gia ya pili palepale kama mwezi wa pili. Baba akaja na spana. "Hii pedali nani aliiinua hivi? Lete niishushe, dakika moja tu." Nikamwambia hapana. Akasema, "Kwa nini?" Nikasema, "Shangazi amekataa." Baba akanitazama muda mrefu, kwa sababu hajazoea mimi kumwambia hapana. Hata mimi sijazoea. Nilikwenda kujificha chooni.

Basi asubuhi ya mtihani nilivifunga tena vile vibao, nikavaa suruali pana juu yake.

Mkuu wa Maabara alikuwa ameshika kasha. Aliniona nikivuka ua.

"Mbona unachechemea?"

"Ndivyo ninavyotembea," nikasema.

Akaweka kasha nyuma, akafunga mikanda. Nikaenda zahanati ya kwanza, ya pili, mpaka ile ya juu ya kilima. Wale wauguzi walisikia mlio wa Mkaidi kutoka mbali wakatoka mlangoni, wakadhani ni wewe. Waliponiona mimi wakachungulia nyuma yangu. Kisha mmoja akasema, "Sawa, hata huyu anafaa," akanipa maji ya kunywa. Wamekuulizia wote, Shangazi. Niliwaambia unashona.

Niliporudi Mkuu alifungua kasha, akainua vichupa kwenye mwanga kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa na povu, kwa sababu ya lile tuta la mbele ya shule. Akasema mlinzi huleta saba.

"Nani amekufundisha kubadilisha gia kwa goti?"

"Ni mtindo wa ukoo wetu."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akapiga kisigino changu kwa ncha ya kiatu chake, kikatoa mlio wa mbao. Ko, ko. Nilitamani ardhi inifiche, na vibao vyangu.

Akasema, "Binti, umeweza. Lakini mtu mwenye mguu mbovu siwezi kumwandika, nikimwandika na akaanguka na damu za watu naulizwa mimi. Nenda. Tarehe moja Juni uje uendeshe mbele yangu bila mbao hizo. Ukiweza unaanza siku hiyohiyo. Ukishindwa nampa mtu mwingine."

Kwa hiyo hapo ndipo nilipo. Mguu wangu ni mzima kabisa, na nimefanya kila juhudi kuwaaminisha watu kwamba ni mbovu. Sijui mtu mwingine anayefeli namna hii.

Mkaidi ni wako na pedali ni yako. Umeniambia nisiiguse na sitaigusa. Naomba tu uniandikie neno lolote, hata kama ni la kunifokea.

Kimya

*

20 Mei

Kimya wangu,

Marahaba. Hukunikosea. Dereva wa lori hana kosa pia. Barua zilikuwa kwangu. Nilizianza nne, na wewe si mtu pekee katika ukoo huu anayejua kufuta.

Mguu wangu wa kushoto unaendelea hivi: haupindi.

Nilianguka kwenye kokoto, ile barabara ya kilimani, kasha likiwa limejaa. Nilihakikisha vichupa kwanza. Kisha nikafunga kifundo kwa mtandio nikamaliza njia. Nilikuwa napeleka damu za watu hospitalini kila siku, na mguu wangu mwenyewe sikuupeleka, kwa sababu nilijua Mkuu atasema maneno yaleyale aliyokuambia wewe. Mfupa ukajiunga wenyewe unavyotaka. Nikainua pedali, nikaendesha kwa goti, na hakuna aliyejua. Nilijiona mjanja sana. Baadaye goti nalo likaanza kuuma, kuchechemea kukaonekana, nikaona bora niondoke mwenyewe kabla sijaulizwa. Nikamwambia baba yako nimechoka kuamrishwa. Na yeye alivyo, akaamini. Tangu tukiwa wadogo anadhani mimi huchoka upesi.

Vifungo sivipendi. Umesema kweli.

Nilikukataza pedali kwa sababu nilikuwa bado narudi. Kila Jumamosi nilikuwa narudi Jumamosi inayofuata. Nikasema pedali ikishuka, basi nimekwisha. Mwanamke mzima, anangoja kichuma cha urefu wa kalamu kimwambie kama maisha yake yanaendelea. Cheka tu, mimi nimeshacheka. Wenzangu nimewasomea hata hiyo.

Sasa sikiliza, na usifanye kwa haraka.

Chukua spana namba kumi. Pale pedali inapoingia kwenye injini kuna bolti moja. Usiilegeze tu, itoe yote, maana inapita kwenye mfereji na pedali haitatoka hata uivute na ng'ombe. Kabla hujavuta, chora mstari kwa msumari kwenye chuma, ujue ilipokuwa. Kile kichuma kinachotoka kwenye injini kina meno madogo kuzunguka. Vuta pedali, ishushe meno mawili, irudishe. Kaza bolti vizuri, ikilegea itakula meno na gharama utaijua. Ukikaa na kuweka mguu mahali pake, kiatu kiingie chini ya pedali bila kujikunja na bila kuitafuta.

Meno mawili. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijaanguka.

Mwambie baba yako kuhusu mguu. Mimi nikimpigia nitasema eeh, eeh, kisha salio litaisha.

Shangazi yako

*

31 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kesho saa mbili asubuhi niko mbele ya Mkuu, kwa hiyo hii naiandika upesi, na dereva yuko nje anapiga honi.

Nilimwambia Baba. Nilimwambia akiwa anapiga randa, ili asinitazame. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Akaendelea kupiga randa ule ubao mpaka ukawa mwembamba kama daftari, na ulikuwa wa mlango wa mtu. Kisha akasema, "Sikujua," akaenda kunawa uso. Aliporudi akauliza karakana yenu iko mtaa gani, na kama kuna basi la Jumamosi. Mama ameshaosha shati lake. Wamezungumza pia habari za daktari wa mifupa, lakini hapo waliniambia niende nikalishe kuku.

Pedali nimeitoa mwenyewe. Nilichora mstari kwa msumari. Bolti ilikuwa imekaza mno, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote, ikaachia ghafla nikakaa ndani ya beseni la oili ya zamani. Suruali niliyotenga kwa kesho ndiyo niliyokuwa nimevaa. Nitavaa sketi ya shule, ndefu, na Mungu anisaidie.

Nikaishusha meno mawili kama ulivyoandika. Nikajaribu. Gia ya pili ikaingia kwa ncha ya mguu, laini, bila kelele. Ya tatu, ya nne. Kushuka, hivyohivyo. Nilizunguka ghala mara tano, na watu wa bombani wakarudi kwenye ndoo zao kwa sababu hapakuwa na cha kutazama.

Kisha nilisimama, nikaitoa tena.

Usinifokee. Nimeirudisha juu jino moja. Nimejaribu nayo jioni nzima. Mguu wangu unaweza, ila lazima niunyanyue kidogo kuliko raha yake, na mara moja moja naingia nyutro na injini inalia na watu wananitazama. Nilivaa tena vile vibao pia, kwa ajili ya kupima. Kwa mguu usiopinda nayo inawezekana, ila lazima goti lishuke kidogo na uwe na subira. Yaani kwa jino hilo mimi naendesha vibaya kiasi, na wewe ukija utaendesha vibaya kiasi hichohicho.

Kesho nitaendesha hivyohivyo mbele ya Mkuu. Nimeshajua ni wapi pa kupunguza mwendo kabla ya lile tuta.

Mwanao,
Kimya